Ugonjwa wa akili si utoro kazini: Jinsi mfanyakazi anavyoweza kupinga kufutwa

Kila alfajiri, barabara zinazotoka Kawangware kuelekea Lavington, Kileleshwa na Kilimani hujaa watu wanaokwenda kazini kwa miguu. Miongoni mwao ni walinzi, yaya, wapishi, watunza bustani na vibarua wa mjengo. Wengine huabiri matatu za nambari 46 kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Katika umati huo, mtu mmoja akikosekana hakuna anayetanabahi, isipokuwa mwajiri anayemngoja.

Chukua mfano wa mlinzi wa usiku anayeishi mtaani Gatina. Kwa miaka minne hajawahi kukosa zamu. Kisha anaanza kukosa usingizi, anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii na anashuku kwamba majirani wanamfuatafuata. Siku moja anaacha simu chumbani na kutoweka. Jamaa zake wanampata baada ya siku tatu na kumpeleka hospitalini, ambako analazwa kwa wiki tatu. Anaporejea kwa mwajiri akiwa amepata nafuu, anakabidhiwa barua inayosema kuwa alitoroka kazi na hivyo alijifuta mwenyewe.

Mfano huo ni wa kubuni, ila hali yenyewe inaweza kumpata mfanyakazi yeyote. Je, barua ya aina hiyo inaweza kupingwa?

Kwa mujibu wa sheria za Kenya, inaweza kupingwa, na mfanyakazi anaweza kushinda. Hata hivyo, ushindi hutegemea sana jambo moja ambalo familia nyingi hulipuuza wakati mgonjwa wao angali hoi: ushahidi wa maandishi unaounganisha siku alizokosekana na maradhi yaliyomshika.

'Sababu nyingine halali'

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Uajiri ya mwaka 2007, ambayo ilianza kutumika Juni 2008, kinaorodhesha makosa yanayoweza kumfanya mfanyakazi apigwe kalamu papo hapo pasipo ilani. La kwanza katika orodha hiyo ni kukosekana mahali pa kazi.

Waajiri wengi huishia hapo wanapoisoma sheria hiyo, lakini sheria yenyewe haiishii hapo. Inasema kwamba kosa ni kukosekana bila ruhusa au sababu nyingine halali. Mlinzi aliyelazwa hospitalini hakuwa na ruhusa, ni kweli. Lakini alikuwa na sababu, na ugonjwa ni sababu ambayo sheria hiyo hiyo inaitambua.

Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa ya siku zisizopungua saba kwa malipo kamili, na siku nyingine saba kwa nusu ya malipo, katika kila kipindi cha miezi 12. Mikataba ya baadhi ya kampuni na makubaliano ya vyama vya wafanyakazi hutoa siku nyingi zaidi. Hakuna mahali ambapo kifungu hicho kinatofautisha malaria na maradhi ya akili.

Haki hiyo ina masharti mawili. Kwanza, mfanyakazi atoe cheti kilichotiwa saini na daktari aliyehitimu, au na mtu anayemwakilisha daktari huyo katika zahanati au kituo cha matibabu. Pili, amjulishe mwajiri kuhusu kutokuwepo kwake na sababu yake.

Ni katika sharti hili la pili ambapo mgonjwa wa akili hujikuta taabani. Aliyevunjika mguu anaweza kupiga simu. Aliyepotewa na fahamu za kawaida, au aliyezama katika huzuni kiasi cha kushindwa kuinuka kitandani, huenda hata asijue kwamba ni mgonjwa. Maradhi yenyewe humnyang'anya uwezo wa kutimiza wajibu ambao sheria inamdai.

Waliotunga sheria hawakufumbia macho tatizo hilo. Hawakutaja saa wala siku. Walisema mwajiri ajulishwe mapema kadiri inavyowezekana kwa hali ilivyo. Kwa mtu aliyekuwa amefungiwa wodini akitibiwa, mapema iwezekanavyo huenda ikawa siku aliyotoka, au siku ambayo jamaa yake alipata nambari ya simu ya msimamizi. Hoja hii ndiyo uti wa mgongo wa kesi yake.

Mwajiri hana budi kuuliza

Kuna tofauti kubwa kati ya kukosekana kazini na kutoroka kazi. Anayetoroka ameamua moyoni kwamba harudi. Anayekosekana huenda anataka kurudi lakini amezuiwa na jambo fulani. Mtu ambaye akili yake imevurugika ni vigumu kusema kwamba ameamua lolote.

Ndiyo maana Mahakama ya Uajiri na Masuala ya Leba imeamua mara kadhaa kwamba haitoshi mwajiri kudai tu kuwa mfanyakazi alitoroka. Ni lazima aonyeshe juhudi alizofanya kumtafuta: simu alizopiga, ujumbe alioutuma, barua aliyopeleka katika anwani yake ya mwisho, na onyo kwamba kazi yake imo hatarini.

Aidha, Kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi tuhuma zinazomkabili katika lugha anayoielewa, na kumsikiliza kabla ya kuamua. Mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wajibu huo haufutiki hata pale kosa linapodaiwa kuwa zito kiasi cha kufutwa papo hapo.

Kwa hivyo, madai kwamba mtu 'alijifuta mwenyewe' hayana nguvu kama yanavyodhaniwa. Kazi haimalizwi na kimya cha mfanyakazi, bali na uamuzi wa mwajiri, na uamuzi huo lazima uwe na sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kimoja kikikosekana, Kifungu cha 45 kinauhesabu kuwa uonevu.

Mwajiri mwenye busara hupata faida katika kikao hicho. Akimwita mfanyakazi na kugundua kwamba alikuwa hospitalini, hubadilisha swali. Haulizi tena kama mtu huyu ni mtovu wa nidhamu, bali kama ataweza kurejea kazini, lini, na kwa msaada gani. Hilo ni suala la afya na uwezo wa kufanya kazi, wala si la adabu.

Mwaka wa 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya ulinzi, mahakama hiyo ilieleza kwamba mwajiri hatakiwi kumweka mgonjwa katika orodha ya mishahara milele. Hata hivyo, ilisema anapaswa kuonyesha kuwa alimsaidia mfanyakazi na kumpa muda wa kutosha kupona, kabla ya kuanza utaratibu wa kumwachisha kazi.

Ubaguzi chini ya sheria

Mfanyakazi anaweza pia kudai kwamba alibaguliwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na ulemavu. Kifungu cha 260 kinapoeleza maana ya ulemavu, kinajumuisha hitilafu za kiakili na kisaikolojia ambazo zina athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku za mtu, au ambazo jamii inaziona kuwa na athari hiyo.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu mno. Mtu aliyepona lakini bado anaitwa 'mwendawazimu' na wenzake kazini hulindwa pia, kwa kuwa Katiba inatazama namna anavyochukuliwa na jamii.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uajiri nacho kinataja waziwazi ulemavu na hali ya akili miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Madai ya ubaguzi yanapowasilishwa, sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Oktoba 2021, Mahakama ya Upeo ilitumia kifungu hicho katika kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya wakala wa bima aliyefutwa baada ya kuugua mgongo, na ikaamua kwamba alibaguliwa. Ugonjwa huo ulikuwa wa mwili, lakini kifungu chenyewe kinataja ulemavu na hali ya akili pamoja, kwa hivyo mgonjwa wa akili ana msingi wa kukitegemea.

Sheria nyingine mbili zimeimarisha haki hizo. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yalipanua haki za wagonjwa wa akili. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 ilichukua mahali pa ile ya 2003.

Somo kutoka Afrika Kusini

Pamoja na hayo yote, kutamka mbele ya hakimu kwamba 'nilikuwa mgonjwa' hakutoshi. Kisa kimoja kutoka Afrika Kusini kinadhihirisha hilo.

Msaidizi wa kisheria katika shirika la umma la Legal Aid South Africa alifutwa kwa makosa kadhaa, likiwemo la kukosekana kazini kwa siku 17 bila ruhusa. Aliteta kwamba alikuwa akiugua mfadhaiko mkubwa na kwamba mwajiri alijua. Mwaka wa 2018 alishinda katika Mahakama ya Leba, ambayo iliamuru arejeshwe kazini.

Mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufaa ya Leba ilibatilisha ushindi huo. Majaji walikubali kwamba mfadhaiko ni ugonjwa halisi, na kwamba mwajiri anapaswa kuuchukulia kwa huruma. Walichokikosa ni ushahidi wa kitaalamu kwamba ugonjwa huo ndio uliosababisha makosa aliyoshtakiwa.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini mantiki yake ni nzito. Cheti kinachosema tu kwamba mtu ana ugonjwa fulani huacha pengo. Barua yenye manufaa ni ile inayotaja tarehe alizougua, na kueleza kwamba katika siku hizo hali yake haikumruhusu kufanya kazi wala kutoa habari.

Pengo la karatasi

Hapa ndipo wakazi wengi wa mitaa ya mapato ya chini kama Kawangware hupoteza kesi kabla hazijaanza. Mtu anapobadilika tabia, familia huweza kumpeleka kwanza kwenye maombi, kwa mganga, au mashambani ili apumzike. Huenda yote hayo yakafanywa kwa mapenzi mema. Lakini wiki mbili za maombi au za kukaa kijijini haziachi cheti chochote, na mbele ya sheria huonekana kama wiki mbili za utoro.

Wengine hunyamaza kwa aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Kazini, anayeyaficha huumbuliwa na barua ya kufutwa.

Njia iliyo salama ni jamaa kumfikisha mgonjwa mapema katika kituo cha afya cha umma, kama vile Kituo cha Afya cha Riruta kilicho karibu, ambako anaweza kuandikishwa na kuelekezwa kwingine ikihitajika. Hospitali kuu ya kitaifa ya maradhi ya akili ni Mathari, iliyoko kando ya barabara ya Thika, ambayo historia yake inaanzia mwaka wa 1910. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa, hati ya kulazwa na ile ya kuruhusiwa kwenda nyumbani zote ni ushahidi.

Jamaa huyo huyo anaweza kumtumia msimamizi wa kazi ujumbe mfupi wa simu: 'Fulani ni mgonjwa, amelazwa, tutaleta barua ya daktari.' Ujumbe huo una tarehe na saa. Usifutwe. Si lazima utaje jina la ugonjwa, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, mgonjwa akija kudai kwamba mwajiri alipuuza hali yake, itabidi aonyeshe kwamba mwajiri alijulishwa.

Tahadhari nyingine ni kuhusu kutia saini. Mtu ambaye hajapata nafuu hapaswi kusukumwa kutia saini barua ya kujiuzulu, au hati ya kukiri kwamba amelipwa haki zake zote.

Vibarua nao wana haki

Wengi watasema kwamba sheria hizi ni za wenye ajira za kudumu. La hasha. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayepewa kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi mitatu au zaidi kukamilika, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kawaida hata kama hulipwa kila jioni.

Isitoshe, mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuwa wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Akishindwa kuuwasilisha mahakamani, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yaliyokuwemo. Yaya asiye na hata kipande cha karatasi anaweza kutumia rekodi za malipo ya M-Pesa na ushahidi wa majirani kuonyesha kwamba aliajiriwa.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kumwandikia mwajiri barua ya kupinga uamuzi, ikiambatanishwa na nakala za hati za hospitali. Hati asilia zibaki nyumbani. Kampuni ikiwa na utaratibu wa rufaa, mfanyakazi autumie. Wanachama wa vyama vya wafanyakazi wawahusishe viongozi wao. Wafanyakazi wa nyumbani na wa hotelini, kwa mfano, huwakilishwa na KUDHEIHA.

Hatua ya pili ni kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba. Kifungu cha 47 kinatoa muda wa miezi mitatu tangu siku ya kufutwa. Afisa huyo huwasikiliza pande zote mbili na anaweza kupendekeza fidia.

Hatua ya tatu ni mahakama. Tangu mwaka wa 2018, mahakimu walioidhinishwa wamekuwa wakisikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anaweza kujiwakilisha, na wasio na uwezo wanaweza kutafuta msaada wa mashirika kama Kituo Cha Sheria, lililoanzishwa mwaka wa 1973.

Kesi lazima iwasilishwe ndani ya miaka mitatu. Mahakama zimeshikilia kwamba hazina mamlaka ya kuurefusha muda huo. Mgonjwa anayengoja mpaka apone kabisa anaweza kukuta mlango umefungwa.

Akishinda, mahakama inaweza kuagiza arejeshwe kazini, alipwe ujira wa kipindi cha ilani, au apewe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Kwa anayepokea Sh15,000 kwa mwezi, kiwango cha juu cha fidia hiyo ni Sh180,000. Si lazima apewe kiasi chote. Hakimu huangalia muda aliotumika na mchango wake mwenyewe katika yaliyotokea. Ubaguzi ukithibitishwa, mahakama inaweza kuagiza fidia yake kando.

Hata anayeshindwa haondoki mikono mitupu. Sheria inataka alipwe mshahara na marupurupu yote aliyoyachuma hadi siku ya kufutwa, na apewe cheti cha utumishi.

Upande wa mwajiri

Si haki kuwachora waajiri wote kuwa wakatili. Lango lisilo na mlinzi ni hasara, na mama aliyemwachia yaya mtoto mchanga hawezi kungoja wiki tatu bila kujua lolote. Sheria inamruhusu kuweka mtu wa muda. Inamruhusu pia, baada ya kungoja kwa kiasi, kuuliza maoni ya daktari na kusikiliza pande zote, kumwachisha kazi mgonjwa ambaye hataweza kurejea. Kisichoruhusiwa ni kumwadhibu kama mkosaji kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wake.

Jopo la kitaifa kuhusu afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Kazi ni sehemu ya tiba. Anayepona akarudi kwenye zamu yake hupata ujira, nauli ya kwenda kliniki na sababu ya kuamka asubuhi. Anayepona akakuta amemwaga unga hurejea katika dhiki inayoweza kumrudisha wodini.

Kwa familia yenye mgonjwa leo, kazi ya kwanza haihitaji wakili. Ni kumfikisha kwa daktari, kumjulisha mwajiri kwa maandishi siku hiyo hiyo, na kuhifadhi kila karatasi.